HbA1c: Kipimo cha damu kinachokumbuka sukari ya miezi mitatu

WAHUDUMU wa kliniki za kisukari wanaifahamu vyema desturi hii. Siku tatu au nne kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, mgonjwa huacha soda, hupunguza ugali na chapati, hukumbuka tembe alizozisahau mwezi mzima, na asubuhi ya miadi hufika akiwa hajatia chochote kinywani. Akidungwa kidole, kimashine huonyesha sukari nzuri. Hupongezwa, hurudi nyumbani, na jioni hiyo mambo hurejea yalivyokuwa.

Kipimo kiitwacho HbA1c hakidanganyiki kwa njia hiyo. Hicho husoma wastani wa sukari iliyokuwa mwilini kwa muda wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, na kufunga siku tatu hakubadilishi mengi. Kwa sababu hiyo madaktari hukitegemea kutambua kisukari na kukadiria ni nani aliye katika hatari ya kupofuka, kuharibikiwa na figo au kukatwa mguu miaka mingi baadaye.

Hata hivyo, kinaweza kupotoshwa na mambo ambayo mgonjwa mwenyewe hana habari nayo. Baadhi ya mambo hayo yameenea mno katika maeneo yenye malaria, likiwemo eneo la Ziwa Victoria na Pwani ya Kenya.

Ili kuelewa uwezo wa kipimo hiki na udhaifu wake, yafaa kuanza na chembe nyekundu ya damu. Chembe hii huundwa katika uboho wa mifupa na huishi kwa takriban siku 120 kabla ya kuzeeka na kuvunjwa. Ndani yake mna himoglobini, protini inayobeba oksijeni na kuipa damu wekundu wake.

Sukari inayoelea katika damu hupenya chembe hiyo na kunata kwenye himoglobini. Kitendo hiki hakihitaji kimeng'enya chochote. Hutokea polepole, chenyewe, na kikishatokea ni vigumu kutenguka. Kadiri sukari ilivyo nyingi, ndivyo himoglobini nyingi zaidi inavyonatwa. HbA1c ni asilimia ya himoglobini iliyokwisha kunatwa na sukari.

Kwa kuwa damu ina chembe za kila umri, jibu la maabara ni mchanganyiko wa majuma mengi. Siku za karibuni huwa na uzito mkubwa zaidi: takriban nusu ya kiwango kinachosomwa hutokana na mwezi mmoja wa mwisho.

Uvumbuzi wenyewe ulitokea kwa nasibu. Mnamo 1968, mtafiti wa Iran, Samuel Rahbar, alikuwa akichunguza aina zisizo za kawaida za himoglobini katika Chuo Kikuu cha Tehran alipogundua umbo geni katika damu ya wagonjwa wa kisukari. Mwaka uliofuata alichapisha matokeo zaidi pamoja na Helen Ranney wa New York. Mnamo 1976, Ronald Koenig, Anthony Cerami na wenzao walionyesha kuwa kiwango hicho hufuata mwenendo wa sukari ya mgonjwa, na kwamba kinaweza kutumiwa kufuatilia matibabu.

Lakini kuonyesha sukari ya jana na juzi ni jambo moja. Kutabiri yatakayompata mgonjwa ni jingine. Jibu la swali hilo la pili lilipatikana mnamo 1993, utafiti mkubwa uliofanywa Marekani na Kanada ulipotangaza matokeo yake. Utafiti huo, ujulikanao kama DCCT, ulianza 1983 na kuwahusisha watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza, ambacho humlazimu mgonjwa kutumia insulini.

Kundi moja lilitibiwa kwa njia ya kawaida na HbA1c yake ikawa karibu asilimia 9. Kundi la pili lilidhibitiwa kwa ukali zaidi na kufikia karibu asilimia 7. Tofauti ya asilimia mbili tu ilipunguza hatari ya kuanza kwa maradhi ya macho kwa asilimia 76, na ile ya kuharibika kwa neva kwa asilimia 60.

La kushangaza zaidi ni lililotokea baadaye. Baada ya utafiti kumalizika, makundi hayo mawili yalianza kutibiwa kwa namna moja na HbA1c zao zikakaribiana. Walakini ripoti ya mwaka 2005 ilionyesha kuwa wale waliodhibitiwa mapema bado walikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 42 ya kupatwa na maradhi ya moyo na mishipa. Mwili, yamkini, hauisahau miaka ya mwanzo.

Kwa kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho huwapata watu wengi, ushahidi ulitoka Uingereza katika utafiti wa UKPDS. Uchambuzi wake wa mwaka 2000 ulionyesha kuwa kila HbA1c iliposhuka kwa asilimia moja, mathalani kutoka 9 hadi 8, vifo vinavyohusiana na kisukari vilipungua kwa asilimia 21, na madhara katika mishipa midogo ya damu, ile ya macho na figo, kwa asilimia 37.

Kutokana na takwimu kama hizo mtu angedhani kwamba kadiri kiwango kinavyoshushwa ndivyo mgonjwa anavyonufaika. Dhana hiyo ilipata pigo mnamo Februari 2008. Utafiti wa ACCORD uliowahusu zaidi ya watu 10,000 huko Marekani na Kanada, wengi wao wazee kiasi na wenye hatari ya maradhi ya moyo, ulijaribu kushusha HbA1c hadi chini ya asilimia 6. Sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa kabla ya wakati baada ya kubainika kuwa vifo katika kundi lililobanwa vilikuwa 257, ilhali katika kundi la kawaida vilikuwa 203.

Tangu hapo madaktari wengi hulenga asilimia 7 au chini kidogo kwa mtu mzima asiye na matatizo mengine, na huruhusu kiwango cha juu zaidi kwa mzee au mgonjwa ambaye sukari yake hushuka ghafla. Namba ni ishara ya ugonjwa, na kuisukuma ishara kwa nguvu ya dawa hakumponyi kila mtu.

Katika utambuzi wa ugonjwa, Chama cha Kisukari cha Marekani kiliidhinisha kiwango cha asilimia 6.5 mwaka 2010, na Shirika la Afya Duniani (WHO) likafuata 2011. Maabara nyingine huandika jibu hilo kuwa 48, kwa kipimo kipya cha milimoli. Maana ni ileile. Mtu mwenye asilimia 7 huwa na wastani wa sukari wa karibu 8.6 kwenye kimashine cha kidole, na mwenye asilimia 9 huwa na karibu 11.8.

WHO iliweka masharti. Ilitaka maabara ziwe na vifaa vilivyolinganishwa na viwango vya kimataifa, na mgonjwa asiwe na hali inayoathiri usomaji wa HbA1c. Ilisema pia kuwa jibu la chini ya asilimia 6.5 halimwondolei mtu kisukari iwapo vipimo vya sukari yenyewe vinaonyesha anacho. Masharti hayo husahaulika kwa urahisi, na hapa ndipo Afrika Mashariki inapohusika.

Hesabu yote ya HbA1c imejengwa juu ya dhana kwamba chembe nyekundu huishi siku zake 120. Chembe ikivunjwa mapema haipati muda wa kukusanya sukari, na jibu hutoka dogo kuliko ukweli. Malaria huvunja chembe nyekundu. Mtu aliyetoka kuugua malaria kali ana damu changa, na HbA1c yake yaweza kupendeza bila sababu ya kupendeza.

Selimundu ni mfano mwingine. Mnamo 1949, Anthony Allison, daktari aliyelelewa Kenya, alichunguza damu za jamii mbalimbali humu nchini. Aliona kuwa waliobeba jeni moja ya selimundu walizidi asilimia 20 katika jamii zilizoishi karibu na Pwani na Ziwa Victoria, ilhali katika jamii kadhaa za nyanda za juu hawakufika asilimia moja. Mnamo 1954 alichapisha ushahidi kwamba jeni hiyo huwakinga watu dhidi ya malaria.

Mwenye jeni moja kwa kawaida haugui, na wengi hawajui kuwa wanayo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017, uliochunguza Wamarekani weusi 4,620, uligundua kuwa waliobeba jeni hiyo walikuwa na HbA1c iliyo chini kwa karibu asilimia 0.3 ikilinganishwa na wenzao waliokuwa na kiwango sawa cha sukari. Kwa mgonjwa wa selimundu mwenye jeni zote mbili kipimo hiki hakifai kabisa, kwa kuwa himoglobini A inayopimwa hanayo.

Upotoshaji mkubwa zaidi hutokana na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambao nao umeenea palipo na malaria na huwaathiri zaidi wanaume. Utafiti mwingine wa 2017 ulionyesha kuwa wanaume weusi wenye aina moja ya upungufu huo husomeka chini kwa takriban asilimia 0.8. Maana yake ni kuwa mwanamume ambaye jibu lake halisi ni 7 huambiwa ana 6.2 na kurudi kazini akidhani hana kisukari.

Ukosefu wa madini ya chuma, ambao huwasumbua wanawake wengi, hufanya kinyume: hupandisha HbA1c. Mwanamke wa aina hiyo anaweza kuandikiwa dawa asizozihitaji.

Kwa hivyo, majibu ya HbA1c yanapopingana na yale ya kidole, daktari hana budi kutafuta sababu badala ya kumlaumu mgonjwa. Anaweza kumpima sukari kabla ya kula, ambapo 7.0 au zaidi huashiria kisukari, au kumnywesha gramu 75 za glukosi na kumpima baada ya saa mbili, ambapo kiwango ni 11.1. Kuna pia kipimo cha fruktosamini, kinachosoma sukari iliyonata kwenye protini za majimaji ya damu na kukumbuka majuma mawili au matatu tu, bila kutegemea umri wa chembe nyekundu.

Mgonjwa naye anapaswa kumweleza daktari iwapo kwao kuna selimundu, iwapo ameugua malaria karibuni, ni mjamzito, anasafishwa damu kwa sababu ya figo, au ameongezwa damu. Aliyeongezwa damu hushauriwa kusubiri takriban miezi mitatu kabla ya kupimwa HbA1c, kwani hadi wakati huo sehemu ya sukari inayosomwa ni ya mtu aliyemtolea damu.