Nembo za Wazee Wetu: Habari za Chale katika Nchi ya Masasi na Newala

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za chale, yaani alama zile ambazo wazee wetu wa Masasi na Newala walichanjwa usoni, kifuani, tumboni na mgongoni. Vijana wengi wazionapo kwa mabibi zao hucheka, au huona haya mbele ya wageni. Wengine husema kuwa huo ulikuwa ujinga wa zamani, na neno likaisha hapo. Lakini jambo lililofanywa na watu wengi kwa vizazi vingi halikosi sababu, na mwenye kutaka kujua historia hana budi kuitafuta sababu hiyo kabla ya kusifu au kulaumu.

Kwanza tuifahamu kazi yenyewe. Kwa Wamakonde ilikuwa kazi ya fundi, si ya kila mtu. Fundi alishika kisu kidogo chenye makali, akakata ngozi kwa mistari mifupi iliyopangana, kisha akapaka unga wa mkaa, mara nyingi wa mbarika, katika majeraha yale. Kidonda kilipopona, mkaa ulibaki ndani ya ngozi, na alama ikaonekana nyeusi yenye kuelekea buluu. Mara moja haikutosha. Kazi ilirudiwa mara ya pili na hata ya tatu, ili rangi ikolee na ngozi iinuke. Usoni walipenda mistari ya pembe pembe, mmoja chini ya mwenziwe; tumboni wanawake waliweza kuchorwa hata mjusi. Maumivu yake hayakuwa haba, na aliyeyavumilia alihesabiwa kuwa ameacha utoto. Pamoja na chale, wanawake wengi walivaa ndonya katika mdomo wa juu.

Makabila mengine ya nchi hii nayo yalikuwa na alama zao. Mwaka 1866 David Livingstone alishuka Mikindani, akafuata mto Ruvuma kwenda bara. Katika habari za safari ile aliandika kwamba Wamakua walijulikana kwa alama ya mwezi mwandamo katika paji la uso. Miaka 40 baadaye, mwaka 1906, alikuja Mjerumani Karl Weule wa mji wa Leipzig. Vita vya Maji Maji vilikuwa havijazimika kabisa. Alikaa Masasi, kisha Newala, akapiga picha za wenyeji na kunasa nyimbo zao kwa santuri. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1908 kinaonyesha chale na ndonya za watu wa wakati ule. Basi sura za wazee wetu zimehifadhiwa Ulaya, nasi huku tunazicheka.

Sasa tuje kwenye swali kubwa: chale zilikuwa za nini? Yako maelezo yanayopendwa sana, kwamba wazee walijichanja ili waonekane wabaya, wafanya biashara ya watumwa wasiwatake. Hatusemi kwamba hofu ile haikuwako. Ilikuwako, na kwa haki. Mji wa Masasi wenyewe ni shahidi, maana mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaleta hapa watu waliokombolewa utumwani, kutoka Unguja, wakajenga kijiji. Lakini maelezo hayo na tuyapime, kama mfanya biashara apimavyo nafaka kabla ya kuinunua.

Tukiyapima twaona kwamba yamepungua. Katika miaka ya 1840 Mfaransa mmoja, Eugène de Froberville, aliwahoji katika visiwa vya Mauritius na Réunion mamia ya watu waliokuwa wamepelekwa huko utumwani kutoka pande hizi za Afrika ya Mashariki. Baadhi yao aliwachukua sura kwa plasta, na sanamu zile zimewekwa Blois katika Ufaransa. Nyuso kadhaa zina chale, zimeinuka wazi. Watu wale walikuwa na alama, na bado walichukuliwa. Chale hazikumkinga mtu na mnyororo. Lakini mtumwa aliweza kupewa jina jipya, akafundishwa lugha ngeni, akafa mbali na kaburi la baba yake, na uso wake ukaendelea kutaja kwao. Hilo bwana wake hakuweza kulifuta.

Tena tukitazama mataifa mengine, twaona kwamba desturi hii haikuhitaji biashara ya watumwa ili izaliwe. Mwaka 1991, katika milima ya Alps mpakani mwa Austria na Italia, ilionekana maiti ya mtu aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, imehifadhiwa na barafu. Ngozi yake ina alama 61, nazo zimetiwa masizi. Mwaka 2018 wataalamu walitangaza kwamba maiti mbili za Misri ya kale, zilizo katika makumbusho ya London, zina michoro ya ngozi ya umri kama huo. Katika visiwa vya bahari ya Pasifiki mabaharia wa James Cook waliikuta desturi hii mwaka 1769, na Waingereza wakalichukua neno la wenyeji wa Tahiti wakaliingiza katika lugha yao. Wamaori wa New Zealand walichongwa uso kwa patasi. Hata Wakristo hawakuwa na mawazo mamoja: wamisionari wengi walizikataza chale, lakini Wakristo wa Misri wamezoea tangu zamani kuchanjwa msalaba mkononi. Basi Mmakonde na mwenziwe Mmaori, wasiojuana, walitaka jambo moja: mtu akitazamwa ajulikane yeye ni nani.

Lugha yetu nayo yatoa ushahidi. Katika Kiswahili cha zamani, neno nembo lilikuwa na maana ya chale za kabila, na Wamakonde huziita dinembo. Leo twasema Nembo ya Taifa, nalo hakuna alionaye haya. Pia vinyago vya ngoma ya mapiko vimechongwa vikiwa na chale zile zile, nyingine zimetengenezwa kwa nta. Ngozi huzikwa pamoja na mwenyewe, lakini mti umeendelea kuishika habari.

Hatuwaambii vijana warudie kuchanjana. Kisu kimoja kupita katika damu za watu wengi ni njia ya maradhi, na mtoto asiyejua maana hawezi kukubali maumivu ya namna ile. Twasema jambo jingine. Wazee wenye nembo wamebaki wachache, na kila mwaka hupungua. Mwanafunzi aliye na bibi wa namna hiyo na aende kwake kwa adabu, amwulize ni nani aliyemchanja, wapi, akiwa na umri gani, na kila mstari una jina gani. Kisha ayaandike majibu katika daftari yake. Weule alipiga picha, lakini hakuweza kukaa miaka mingi akisikiliza. Kazi hiyo ilitungojea sisi, nayo haitatungojea sana.