Kodi ya Nyumba na Rufani Yake

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za kodi ya nyumba katika nchi yetu, na hasa habari za mtu aonaye kwamba nyumba yake imekadiriwa kupita haki. Kodi hujulikana na watu wote, lakini njia ya kuikatia rufani waijuao ni wachache. Tena njia hiyo haikuwa moja siku zote. Kila Serikali ilipobadili namna ya kuipima nyumba, maneno awezayo kuyasema mwenye nyumba mbele ya mkubwa nayo yalibadilika.

Tumfikirie mzee mmoja mkaazi wa Mabawa, mjini Tanga. Nyumba yake ni ya Kiswahili, kama zilivyo nyingi za huko na za Ngamiani: vyumba vitatu upande huu, vitatu upande wa pili, ukumbi katikati, na uani jiko na choo. Vyumba viwili akaa yeye na mkewe, vinne amepangisha. Je, machoni pa mtoza kodi nyumba hiyo ni nini? Ni paa moja? Ni vichwa vya watu waliomo? Ni thamani ya matofali na mabati? Au ni mita ya umeme iliyo ukutani? Msidhani twafanya mzaha. Yote manne yamepata kuwa hesabu ya kodi katika nchi hii.

Walioanza ni Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi. Amri yao ya kodi ya nyumba na vibanda ilitolewa mwaka 1897, na kodi ikaanza kutozwa mwaka 1898. Shamba, kila kibanda kililipiwa rupia 3 kwa mwaka. Mjini kodi ilizidi. Rupia ya siku zile ilikuwa pesa 64, basi kibanda kimoja kilidaiwa pesa 192, na kwa mtu ambaye mali yake ni mhogo na kuku, hizo hazikuwa fedha kidogo. Asiye na fedha aliweza hapo mwanzo kulipa kwa mazao au kwa kazi ya mikono yake. Majumbe na maakida ndio waliohesabu na kukusanya.

Sasa tazameni: kodi ikiwa ni ya paa, mtu atabisha nini? Atasema, “Kibanda hiki si changu,” au, “Kimekwisha anguka.” Hawezi kusema kuwa kibanda chake ni kidogo kuliko cha jirani, kwa sababu kidogo na kikubwa bei yao ni moja. Basi watu walitafuta rufani ya namna nyingine, nayo ni kubanana. Jamaa waliokuwa na vibanda vitatu walijikusanya katika kimoja, na wahesabuji wakakuta mapaa yamepungua. Mwaka 1905 Wajerumani walileta kodi ya kichwa, kila mwanamume mtu mzima rupia 3, na kubanana hakukufaa kitu tena.

Waingereza walishindwa vita Tanga mwezi wa Novemba 1914, lakini waliuingia mji huo mwaka 1916. Sheria yao ya mwaka 1922 iliziunganisha kodi hizo mbili: mwenye kibanda alilipia kibanda, na mwanamume asiye na kibanda alilipia kichwa chake. Mwenye wake wawili, kila mmoja na nyumba yake, alilipia nyumba zote mbili. Mzee asiyejiweza aliweza kusamehewa na mkubwa wa wilaya. Hapa tusichanganye mambo. Kuomba msamaha si kukata rufani. Aombaye msamaha akubali kwamba deni ni halali, ila hana cha kulipia. Akataye rufani asema kwamba hesabu yenyewe ina kosa. Katika kodi ya kibanda, mlango wa msamaha ulikuwa wazi kidogo, na mlango wa rufani ulikuwa mwembamba sana.

Waingereza wenyewe kwao walikuwa na mfano wake. Mwaka 1086 mfalme William aliandikisha mashamba na mifugo ya Uingereza, na raia wakalipa daftari lile jina la Siku ya Kiyama, kwa kuwa hukumu yake, kama ya siku ile, haikuwa na rufani.

Mlango wa rufani hupanuka pale nyumba inapopimwa kwa thamani. Ndivyo ilivyoamriwa na sheria ya kodi ya majengo katika miji ya mwaka 1983. Mthamini huja, huipima nyumba, hutazama imejengwa kwa nini, hukadiria gharama ya kuijenga upya, kisha hupunguza kwa ajili ya uchakavu. Ardhi haimo katika hesabu hiyo. Linalotozwa ni jengo. Thamani huandikwa katika daftari, na daftari huwekwa mahali pa kusomwa na watu, na asiyeridhika aweza kuleta pingamizi lake kwa maandishi mbele ya baraza lililowekwa na sheria kusikiliza mashauri hayo. Mzee wetu wa Mabawa angekuwa na maneno tele: kwamba kuta ni za miti na udongo uliopakwa saruji, nao mthamini ameandika matofali, kwamba mabati yameoza kwa upepo wa bahari, kwamba uani pameandikwa banda ambalo halipo. Haya si malalamiko ya huruma. Ni mambo ya kupimwa kwa kamba na kuonwa kwa macho.

Lakini kuthamini nyumba ni kazi ya gharama, na nyumba nyingi hazikupata kufikiwa na mthamini. Mwaka 2016 ukusanyaji ulipewa Mamlaka ya Mapato, na mwaka 2018 kikawekwa kiwango kimoja kwa nyumba zisizothaminiwa: mijini shilingi 10,000 kwa nyumba ya kawaida, na 50,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Tangu Agosti 2021 kodi ikawa yakatwa katika ununuzi wa umeme, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500.

Yaani tumerudi kwenye paa. Sisi hatusemi kuwa ni vibaya. Kiwango ni kidogo, kila mtu akijua kabla, na hakuna mthamini wa kushukiwa. Ila ni vema ijulikane kilichotolewa badala yake: nyumba ya udongo na nyumba ya vigae, zikiwa zote za chini, hulipa sawa, na hoja ya uchakavu haina pa kusemewa.

Zilizobaki ni hoja za namna nyingine, nazo zina nguvu. Ya kwanza ni mita. Nyumba moja ikiwa na mita tatu, kwa kuwa wapangaji wamegawana umeme, kodi haipasi kukatwa mara tatu. Mwenye nyumba apeleke habari ili deni libaki kwenye mita moja. Ya pili ni mpangaji. Kodi hii ni ya mwenye jengo, lakini anunuaye umeme ndiye akatwaye, basi mpangaji aweke risiti zake na wapatane zipunguzwe katika pango. Ya tatu yamhusu mzee wetu mwenyewe. Mwenye miaka 60 au zaidi, na mlemavu pia, husamehewa kwa nyumba anayokaa, lakini msamaha haumfuati mtu barazani kwake. Sharti aombe, akichukua kitambulisho chenye umri wake na barua ya serikali ya mtaa. Na asiyeomba, kila anunuapo umeme, fedha hukatwa.