Lopango: historia ya ukuta kati yetu na jirani



Kwetu Isangi, pale Lomami inapoingia ndani ya mto Kongo, baba yangu alimaliza karibu mwaka mzima bila kusalimiana na jirani. Sababu ilikuwa ukuta. Ni ukuta wa matofali ya udongo yasiyochomwa, uko kati ya parseli zetu mbili tangu wakati wa babu. Jirani alipojenga nyumba mpya, alisukuma paa la mabati mpaka karibu kabisa na ule ukuta, na kila mvua ilianguka kwenye mguu wake. Baba alienda kuuliza. Aliambiwa: « Papa, ukuta unaweza kuwa wako, lakini udongo ni wa Leta. »

Mimi ni mtu wa kilimo, si wa sheria. Lakini ile jibu ilinisumbua, nikaanza kutafuta ilitoka wapi.

Ilitoka mbali. Tarehe 1 julai 1885, Dola Huru la Kongo la Leopold II lilitangaza kwamba ardhi tupu ni ya Leta. Tupu kwa macho ya nani? Hapa kwetu, ukishalima mpunga na mihogo, unaacha shamba lilale miaka mingi, msitu urudi, udongo upumzike. Mgeni anaona pori. Mwenye ukoo anajua babu gani alikata miti pale, na mpaka wake ni kijito gani, mchikichi gani, kichuguu gani. Wachaga wa Kilimanjaro wanapanda masale kwenye mpaka. Mpaka wa namna hiyo ni kitu kinachoota. Ukikatwa, majirani wote wanaona.

Mjini mambo yalikuwa mengine. Amri ya 1931 juu ya vile vituo vilivyoitwa centres extra-coutumiers iliweka Waafrika wa miji kama Stanleyville nje ya utawala wa machifu wao wa desturi. Watu kutoka makabila mengi walipangwa kwenye parseli, bega kwa bega. Mtafiti Valdo Pons alifanya utafiti kwenye Avenue 21 ya Stanleyville katika miaka ya 1950, na kitabu chake cha 1969 kinaonyesha namna wenye nyumba, wapangaji na wageni wao walivyokaa pamoja kwenye uwanja mmoja. Pale hakuna mchikichi wa babu wa kushuhudia. Ushahidi ni karatasi, na kama karatasi haiko, ni uzio. Hata neno lenyewe tunalotumia mjini, lopango, ni uzio na ni kiwanja pia. Nadhani hilo neno linajua historia yetu kuliko vitabu vingi.

Kisha Mobutu. Sheria nº 73-021 ya 20 julai 1973, kipengele cha 53, inasema udongo ni mali ya Leta peke yake, hauuzwi na haupotei kwa muda. Sisi raia tunapewa haki ya kuutumia, na nyumba tunayoijenga inaweza kuwa mali yetu. Lakini lazima uonyeshe kwamba kiwanja umekifanyia kazi, usikiache hivi hivi. Juu ya ardhi za vijiji, sheria ilisema ordonansi ya rais itapanga haki za watu. Miaka mingi sana ilipita bila hiyo ordonansi.

Angalia matokeo yake. Kama udongo si wako, basi kinachosimama juu yake ndicho kinasema uko pale. Ukuta unakuwa shahidi. Ndiyo maana mtu anaweza kuvumilia kelele za jirani, mbuzi wake, hata deni lake, lakini akisukuma tofali moja tu, watu wanaamka usiku.

Jirani yetu alisema nusu ya ukweli. Wabeljiji walikuja na sheria yenye mizizi katika Code ya Napoléon ya 1804. Ndani yake, ukuta unaotenga majengo mawili unahesabiwa kuwa wa wote wawili, mur mitoyen, mpaka mmoja alete ushahidi mwingine. Na maji ya paa yako lazima yaanguke kwako au barabarani, si kwa mwenzako. Kwa hiyo hata kama udongo ni wa Leta, mvua ya paa ni ya mwenye paa.

Hapo ndipo kilimo kilinisaidia. Yangambi, ambayo iko katika teritware yetu, inapata karibu milimita 1,800 za mvua kwa mwaka. Upande wa paa unaotazama kwetu ni mita 9 kwa 4, yaani mita za mraba 36. Hesabu: karibu lita 65,000 kila mwaka kwenye mguu wa ukuta wa udongo. Niliandika kwenye karatasi ya daftari, nikaenda kwa jirani jioni, bila baba. Alisoma mara mbili. Alicheka, akasema, « Mwanangu, hiyo ni mtumbwi ngapi? » Wiki iliyofuata fundi alikuja kufunga mfereji wa bati na pipa chini yake.

Mguu wa ukuta walitengeneza pamoja: baba alitoa mchanga, yeye simenti. Chefu wa kartie aliandika kwamba ukuta ni wa wote wawili, wakatia saini. Ile karatasi inakaa kwa mama. Kila mmoja alikataa ilale kwa mwenzake.