Remmy Ongala

Ramadhani Mtoro Ongala (1947 – 13 Desemba 2010), maarufu kama Dokta Remmy, alikuwa mtunzi, mwimbaji na mpiga gitaa wa muziki wa dansi. Alizaliwa Kindu, mashariki mwa Kongo, akafiwa na mama yake angali kijana. Tangu hapo gitaa likawa ndilo riziki yake. Mwaka 1978 alihamia Dar es Salaam kupigia bendi ya Orchestra Makassy, kisha akaongoza Super Matimila.

Wengi wa rika lake waliishi kwa nyimbo za mapenzi. Remmy naye aliziimba, ila hakuweza kunyamaza juu ya kifo, umaskini na dhuluma, na hapo ndipo ubora wake ulipo. “Mambo kwa Soksi”, wimbo uliohimiza kondomu wakati UKIMWI ukisemwa kwa kunong'ona, ulinyimwa nafasi na redio ya taifa. Watu wakaujua hivyo hivyo. Tamasha la WOMAD lilimfikisha Ulaya mwaka 1988, na kampuni ya muziki ya Real World ikatoa albamu zake. Uzeeni, akiwa mgonjwa, aliacha dansi lakini si utunzi: aliokoka, akageukia nyimbo za injili.