Uskoti: walishindwa Septemba, wakashinda Mei

Kwanza tukubaliane kuhusu maneno, maana hapa ndipo wengi wetu tunapopotea. Sisi Waswahili tuna neno moja, Uingereza, na ndani yake tunatupia kila kitu: London, ligi kuu ya mpira, familia ya kifalme na yule mkoloni aliyetutawala hadi 1961. Kwa jina rasmi nchi yenyewe ni Ufalme wa Muungano, na ndani yake kuna England, Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini. Kumwita Mskoti "Mwingereza" ni kama kumwita Mzanzibari "Mtanganyika" halafu ukategemea acheke. Kwa hiyo hapa nikisema Uingereza namaanisha ufalme mzima, na nikisema England namaanisha England peke yake.

Sasa twende kwenye fumbo lenyewe.

Septemba 18, 2014 Waskoti waliulizwa swali moja tu: je, Uskoti iwe nchi huru? Asilimia 84.6 ya waliojiandikisha walijitokeza, na vijana wa miaka 16 na 17 nao waliruhusiwa kupiga kura. Waliosema Hapana walikuwa 2,001,926, sawa na asilimia 55.3. Waliosema Ndiyo walikuwa 1,617,989, sawa na asilimia 44.7. Kesho yake Alex Salmond, aliyekuwa Waziri Kiongozi wa Uskoti na kiongozi wa chama cha SNP kinachopigania uhuru, akatangaza kwamba anang'atuka. Ungedhani hadithi imeishia hapo.

Haikutimia hata miezi minane. Mei 7, 2015 ukafanyika uchaguzi mkuu wa Uingereza nzima, na chama kile kile kilichoshindwa Septemba kikazoa viti 56 kati ya 59 vya Uskoti. Uchaguzi uliotangulia, wa 2010, kilikuwa na viti 6. Chama cha Labour, ambacho kwa miaka mingi kiliiona Uskoti kama shamba lake la urithi, kiliporomoka kutoka viti 41 hadi kimoja. Binti wa miaka 20, Mhairi Black, akiwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu, alimng'oa Douglas Alexander, waziri wa zamani na mmoja wa vigogo wa kampeni ya Labour. Hata jimbo la Gordon Brown, waziri mkuu wa zamani ambaye safari hiyo hakugombea, lilikwenda SNP.

Inawezekanaje watu wakatae uhuru mwezi wa tisa, halafu mwezi wa tano wawape ushindi wa kishindo wale waliokuwa wanaudai?

Jibu la haraka ni la hesabu. Katika uchaguzi wa wabunge wa Uingereza, anayeongoza kwa kura katika jimbo analichukua jimbo, wengine wote wanarudi nyumbani mikono mitupu. Waliosema Ndiyo wengi walirundikana kwenye chama kimoja. Waliosema Hapana waligawana kati ya Labour, Conservative na Liberal Democrats. SNP ilipata takriban nusu ya kura za Uskoti, lakini ikachukua karibu viti vyote. Kwa mfumo huo huo, chama cha UKIP kilipata asilimia 12.6 ya kura za Uingereza nzima na kuambulia mbunge mmoja, wakati SNP kwa asilimia 4.7 ilipata wabunge 56. Waliolalamika kwamba mfumo huo si wa haki walikuwa na hoja.

Lakini hesabu peke yake haitoshi, kwa sababu haituambii ile hasira ilitoka wapi. Hapo inabidi turudi nyuma, na kurudi kwenyewe ni mbali.

Mwaka 1603 mfalme wa Uskoti, James VI, alirithi kiti cha England pia. Zikawa nchi mbili zenye mfalme mmoja, kila moja na bunge lake. Miaka ya 1690 Waskoti wakajaribu kuanzisha koloni lao huko Darien, katika eneo ambalo leo ni Panama. Watu walimwaga akiba zao katika kampuni iliyosimamia mradi huo. Maradhi, njaa na uhasama wa Wahispania vikaumaliza, na kufikia 1700 mradi ulikuwa umekufa na pesa zimeyeyuka. Katika hali hiyo ya ukata, England ikaja na mezani pake: mwungane nasi, mpate soko la himaya yetu, na tutawalipa pauni 398,085, ambazo sehemu yake ilikwenda kuwafidia waliopoteza pesa Darien. Bunge la Uskoti likaupitisha mkataba huku mitaa ya Edinburgh na Glasgow ikiwa na ghasia. Mei 1, 1707 Muungano ukaanza. Mwananchi wa kawaida hakuulizwa na mtu.

Tusiwafanye Waskoti malaika, maana Muungano uliwanufaisha pia. Glasgow ilitajirika kwa tumbaku na sukari iliyolimwa na watumwa, na katika himaya iliyokuja kututawala sisi, Waskoti walijaa tele: wanajeshi, wafanyabiashara, wamisionari. Kwa hiyo anayewafananisha na koloni anakosea. Lakini mkataba wa 1707 uliwaachia sheria zao, kanisa lao na shule zao. Walipoteza bunge, hawakupoteza utaifa. Ndiyo maana hata baada ya karne tatu ukiwauliza "nyie ni nani" wana jibu.

Sasa angalia mwaka 1979, mwaka ambao kwa maoni yangu ndio ufunguo wa yote. Machi 1 Waskoti walipiga kura ya maoni kuhusu kuwa na bunge lao dogo ndani ya Muungano. Waliosema Ndiyo walikuwa asilimia 51.6. Walishinda, sivyo? Hapana. Bunge la London lilikuwa limeweka sharti kwamba Ndiyo lazima ifike asilimia 40 ya wote waliojiandikisha, siyo ya waliopiga kura tu. Ilifika 32.9. Yaani aliyelala nyumbani siku ya kura alihesabiwa kama amesema Hapana.

SNP, kwa hasira, ikaungana na wapinzani kuiangusha serikali ya Labour ya James Callaghan. Machi 28, 1979 kura ya kutokuwa na imani ikapita 311 kwa 310. Kura moja! Uchaguzi uliofuata ukamleta Margaret Thatcher, na SNP yenyewe ikabaki na wabunge 2 kati ya 11 iliokuwa nao. Walikata tawi walilokalia.

Miaka iliyofuata ikawa somo kwa Waskoti wote, hata wale ambao hawakuwahi kuwaza uhuru. Migodi na viwanda vilifungwa. Mwaka 1987 Conservative ilipata viti 10 tu kati ya 72 vya Uskoti, lakini ikaendelea kuitawala kwa sababu England iliichagua. Mwaka 1989 serikali ikaleta kodi ya kichwa, tajiri na maskini wa mtaa mmoja kutozwa kiwango kile kile, na ikaanza nayo Uskoti mwaka mzima kabla ya kuipeleka England. Wazee wetu wanaokumbuka kodi ya kichwa hawahitaji kuelezwa zaidi. Mwaka 1997 Conservative haikupata hata kiti kimoja Uskoti. Mwaka huo huo, chini ya Tony Blair, Waskoti wakaulizwa tena kuhusu bunge lao, safari hii bila lile sharti la asilimia 40, na asilimia 74.3 wakasema Ndiyo. Bunge likafunguliwa 1999.

Basi kilio chenyewe ndicho hiki. England ina takriban asilimia 84 ya watu wote wa Uingereza. Bunge la 2015 lilikuwa na viti 650, na 533 kati ya hivyo vilikuwa vya England. Waskoti wote, bila kubaki hata mmoja, wangeweza kupiga kura upande mmoja na bado wasibadili serikali kama England imeamua vingine. Kura yao inafua dafu pale tu ndugu mkubwa anapokubaliana nao. Kweli, zipo nyakati walikubaliana, kama 1997 hadi 2010, na Gordon Brown, Mskoti halisi, akawa waziri mkuu. Lakini kupata haki yako pale tu inapomfaa mwenzako ni jambo linalochosha.

Turudi 2014. Siku za mwisho kabla ya kura, uchunguzi mmoja wa maoni ulipoonyesha Ndiyo inaongoza, viongozi wa vyama vikubwa vitatu vya London walipata kiwewe. Wakapanda kwenda Uskoti, wakatia saini ahadi ukurasa wa mbele wa gazeti kwamba bunge la Uskoti litaongezewa madaraka. Msituache, nyie ni ndugu zetu. Kura ikapigwa, Hapana ikashinda. Asubuhi ya Septemba 19, David Cameron akasimama nje ya ofisi yake na, pamoja na kurudia ile ahadi, akaanza kuzungumzia haki ya wabunge wa England kuamua sheria za England. Mgeni bado yuko mlangoni, mwenyeji ameshaanza kuhesabu vijiko.

Kisha ikaja kampeni ya 2015. Conservative wakasambaza bango lenye picha ya Ed Miliband, kiongozi wa Labour, amewekwa kwenye mfuko wa koti la Salmond. Ujumbe kwa mpiga kura wa England: ukichagua Labour, Waskoti ndio watakutawala. Wale waliobembelezwa Septemba kama ndugu, sasa wakatumika kama zimwi la kutishia watoto. Labour nao walikuwa wamepanda jukwaa moja na Conservative kupinga uhuru, na wapiga kura wao wa Glasgow na Dundee, miji iliyosema Ndiyo, hawakusahau. Wanachama wa SNP walikuwa takriban 25,000 kabla ya kura ya maoni. Kufikia Machi 2015 walipita 100,000.

Nicola Sturgeon, aliyempokea Salmond, alisema wazi kabla ya uchaguzi kwamba kuichagua SNP si kuchagua uhuru. Mimi namwamini. Nadhani Waskoti wengi Mei ile hawakuwa wanasema "tunaondoka". Walikuwa wanasema "tuko hapa, na mtatusikia".

Walisikilizwa? Juni 2016 asilimia 62 ya Waskoti walipiga kura kubaki Umoja wa Ulaya, kila halmashauri bila kubakiza. Wakatolewa, kwa sababu Uingereza nzima iliamua kutoka. Novemba 2022 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba bunge la Uskoti haliwezi kuitisha kura nyingine ya maoni bila idhini ya London. Na SNP nayo ikaonja joto ya jiwe: uchaguzi wa 2024 ilibaki na viti 9, Labour ikarudi na 37. Kuna walioshangilia kwamba sasa suala la uhuru limezikwa. Lakini tafiti za maoni za wakati huo ziliendelea kuonyesha Waskoti wamegawanyika karibu nusu kwa nusu. Chama kilianguka, swali likabaki limesimama.

Huwezi kuyasoma haya ukiwa Mtanzania usijiguse. Mwaka 2014 ule ule, Muungano wetu ulipotimiza miaka 50, Bunge Maalumu la Katiba lilikuwa Dodoma likibishana serikali mbili au tatu. Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba ilipendekeza tatu. Wajumbe wa UKAWA wakatoka nje mwezi Aprili, pendekezo likatupwa, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 kuhusu Katiba Inayopendekezwa haikufanyika. Mwaka 1964 mwananchi hakuulizwa, kama vile Mskoti wa 1707 hakuulizwa. Mwalimu Nyerere, aliyesoma Chuo Kikuu cha Edinburgh hadi 1952, aliishi miaka mitatu ndani ya muungano wa namna hiyo hiyo, wa ndugu mkubwa na ndugu mdogo.

Sisemi Muungano wetu uvunjwe. Mimi ningepiga kura ubaki. Ila ningependa kuipiga hiyo kura. Waingereza, pamoja na hila zao zote, mwaka 2014 walithubutu kuuliza, na nchi haikuwaka moto. Walichokosea ni kudhani kwamba ukishajibiwa umemaliza kazi, kumbe jibu la Hapana lilikuwa na watu 1,617,989 upande wa pili ambao kesho yake waliamka wakiwa bado ni raia, bado wana hoja, na bado wana kadi za kupigia kura.

Nawasilisha.