Mahindi ya Kasulu na Kibondo: nani analipa nauli ya gunia?

Wadau, kila msimu wa mavuno nasikia swali lilelile: kwa nini gunia la mahindi Kasulu au Kibondo linauzwa bei ya kutupa wakati Dar watu wanalia unga umepanda? Ngoja niwape historia yake, maana wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa.

Katikati ya miaka ya 1970 serikali ilipanga bei moja ya mahindi nchi nzima, na mnunuzi alikuwa NMC, lile shirika la umma la usagishaji. Mkulima wa Kibondo alilipwa kwa kilo sawasawa na wa Morogoro, ingawa Kibondo iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar. Kwa maneno mengine, nauli ya gunia ilikuwa juu ya serikali. Raha? Wapi! Bei yenyewe ilikuwa ndogo na malipo yalichelewa, kwa hiyo mahindi mengi yalipita kimyakimya kwa wale walioitwa walanguzi. Kusafirisha nafaka bila kibali lilikuwa kosa. Mwaka 1984 watu wakaruhusiwa kubeba hadi kilo 500, na 1987 kizuizi kikaondolewa. NMC ikazama kwenye madeni, bei moja ikafa.

Hapo ndipo nauli ikamwangukia mkulima. Mfanyabiashara anaanza na bei ya mjini, anatoa mafuta ya lori, ushuru na faida yake, kinachobaki ndiyo bei yako. Bado anataka lumbesa!

Halafu tuseme ukweli, soko la karibu la Kibondo sio Dar, ni Burundi, hapo tu ng'ambo ya Mabamba. Serikali ilipozuia mahindi kwenda nje mwaka 2011, na tena 2017, ilisema inalinda chakula cha nchi. Sawa, lakini mimi naona aliyelipia ulinzi huo ni mkulima wa mpakani.

Na msidhani bei ikipanda wote wanachekelea. Mkulima wa huku analima kwanza ale. Anauza gunia mbili tatu mavuno yakiwa bado mabichi, bei iko chini, apate ada na chumvi. Ikifika Januari ghala tupu, anarudi sokoni kununua kwa debe, bei imeshapaa.

Mlioko Mabamba na Heru Juu, debe leo ni shilingi ngapi?