Mbio za vibati: Ushindi ulio mikononi mwa usiowajua

Na Mwandishi Wetu

MBIO nyingi zinazofahamika nchini huwa na wakimbiaji, njia na utepe wa kumalizia. Zipo, hata hivyo, mbio ambazo mshindani wake hana miguu wala injini. Ni kibati kidogo cha chuma, mfano wa kile anachovaa askari shingoni, ambacho husafiri kwa kubebwa na watu wasiojuana.

Mbio hizo ni tawi la mchezo uitwao jiokashingi, yaani kusaka makasha yaliyofichwa kwa kutumia vifaa vya GPS vinavyopokea mawimbi ya setilaiti. Hadi Mei 1, 2000, Serikali ya Marekani ilikuwa ikiyavuruga mawimbi hayo kwa makusudi, kiasi kwamba raia aliyeyatumia angeweza kukosea mahali kwa takriban meta 100. Rais Bill Clinton alipoamuru uvurugaji huo ukome, kosa lilipungua sana. Mei 3 mwaka huo, Dave Ulmer alificha ndoo karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatangaza latitudo na longitudo zake kwenye intaneti ili wengine waitafute.

Ndani ya kasha huwamo daftari la kusaini na, pengine, vitu vidogo vya kubadilishana. Mwaka 2001 kampuni ya Groundspeak, yenye makao yake Seattle, ilianza kutoa kibati kiitwacho Travel Bug chenye namba ya pekee. Mwenye kibati hukisajili, hukipa jina na lengo, kisha hukiweka ndani ya kasha. Anayekikuta haruhusiwi kukifanya chake. Hukichukua, huandika namba yake kwenye tovuti, hukisafirisha na kukiacha katika kasha jingine.

Vinavyoshindanishwa

Katika mbio, washiriki kadhaa huviachia vibati vyao siku moja. Wengine hushindania kufika mahali fulani kwanza, kwa mfano kutoka pwani hadi pwani ya bara zima. Wengine hushindania kilomita nyingi zaidi katika muda uliopangwa, au idadi ya nchi zilizopitiwa.

Umbali huhesabiwa kwa mstari ulionyooka kati ya kasha na kasha, si kwa barabara. Mfano mzuri ni wa Newala. Anayesimama kwenye ukingo wa uwanda wa Wamakonde, mahali paitwapo Shimo la Mungu, huona bonde la Ruvuma likiwa limelala chini yake, na ng'ambo ni Msumbiji. Kwa mstari ulionyooka, kutoka Newala hadi Mueda ni chini ya kilomita 100. Lakini mbebaji wa kibati akitaka kuvuka kwa gari darajani, itambidi azunguke magharibi kupitia Masasi hadi Daraja la Umoja lililopo Mtambaswala, ambalo lilizinduliwa mwaka 2010. Mzunguko wote huo haumwongezei mwenye kibati hata kilomita moja.

Kwa upande mwingine, mtu akikaa na kibati na kukisajili kila afikapo kwenye kasha, hesabu hupanda bila kibati kubadili mikono. Kwa sababu hiyo, waandaaji makini huweka kanuni mapema kuhusu safari zipi zihesabiwe, na humkataza mwenye kibati kukisafirisha mwenyewe.

Tofauti na Mwenge

Msomaji anaweza kuvilinganisha vibati na Mwenge wa Uhuru, uliowashwa mara ya kwanza kileleni Kilimanjaro Desemba 9, 1961. Mwaka 2023 mbio za Mwenge zilizinduliwa mkoani Mtwara na kuhitimishwa Oktoba 14 mkoani Manyara. Mwenge nao hupita mikononi mwa wengi, lakini una ratiba, viongozi wa msafara na makabidhiano rasmi kati ya wilaya na wilaya. Kibati hakina msindikizaji. Anayekichukua akikisahau kwenye droo, mbio zimekwisha kwa kibati hicho, na mwenyewe hana wa kumshitaki.

Baadhi ya vibati vimefika mbali kupita kiasi. Oktoba 2008 Richard Garriott alikwenda na kimoja katika Kituo cha Kimataifa cha Anga. Chombo cha Perseverance, kilichotua Mars Februari 18, 2021, kilibeba namba ya aina hiyo hiyo.

Kasha bila mwenyeji

Vibati vingi, hata hivyo, hukwama hapa hapa duniani, hasa kule ambako makasha ni machache na wasakaji hupita mara moja moja. Mtu akificha kasha kwenye vilima vya mawe vya Masasi kisha akapanda basi kwenda zake, kibati kitakachoachwa humo kinaweza kulala miaka. Kanuni za mchezo zinataka aliyeficha kasha aweze kulitunza, apate ridhaa ya mwenye ardhi, na asilifukie. Makasha mawili nayo hayapaswi kukaribiana chini ya meta 161.

Katika wilaya za mpakani sharti la ridhaa lina uzito wa pekee. Tangu machafuko yaanze Cabo Delgado mwaka 2017, na baada ya kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara kushambuliwa Oktoba 2020, kisanduku kisichojulikana kichakani kinaweza kuzua taharuki na kumtia mashakani asiye na hatia.

Kwa hiyo anayetaka mbio zipite Makote, Newala mjini au Masasi aanze na serikali ya kijiji au mtaa kabla ya kununua kibati. Aeleze mchezo wenyewe, aombe mahali pa wazi pasipo na makaburi wala mashamba ya watu, na aandike juu ya kasha, kwa Kiswahili, ni kitu gani na nani aulizwe. Kisha amwachie mwenyeji mmoja, pengine mwalimu na wanafunzi wake, jukumu la kulikagua na kukisogeza mbele kibati kilichokwama. Mchukua kibati akikosekana, mwenyeji huyo ndiye atakayeziokoa mbio.